Pua ya Weldon

Kuna watu ambao wakichomwa na mwiba huketi chini, wakanyoosha mguu na kumwita jirani aje na sindano. Wengine huendelea kuchechemea huku wakiuambia ulimwengu kwamba ndivyo wanavyopenda kutembea. Waliotuachia methali isemayo mficha uchi hazai walikuwa wakiwalenga hawa wa pili. Anayeona haya kuwafunulia shida yake wale wawezao kumsaidia, msaada humpita mlangoni. Mkunga awe hodari vipi, hawezi kumzalisha mwanamke aliyejifunga shuka na kukataa kuifungua. Kijana anayeitwa Weldon alikuwa na akili nyingi, lakini methali hii hakuielewa alipoisoma kitabuni. Ilimbidi aisome kwa mwili wake.

Mnamo mwaka wa 1996 Weldon alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, akiwa mwaka wa pili katika Chuo cha Chai cha Kamosirei, mwendo mfupi kutoka mji wa Kericho. Chuo kilikuwa na kiwanda kidogo ambamo vijana walifundishwa kuyageuza majani mabichi kuwa chai. Majani hunyaushwa, husagwa, kisha hutandazwa kwenye trei yachachuke mpaka ukijani uishe na rangi ya shaba itokee. Ukiyaingiza kwenye mashine ya kukaushia mapema, chai huwa mbichi na chungu. Ukichelewa, huwa butu kama maji yaliyooshewa sufuria. Mwenye kuamua ni mtu mmoja anayesimama kando ya trei, akaitazama rangi na kusema, "Sasa." Mtu huyo ndiye ambaye Weldon alitaka kuwa, na hakutaka kuwa kitu kingine chochote duniani.

Shida ilikuwa hapo penye rangi. Weldon alizaliwa na macho yasiyotenganisha wekundu na ukijani. Hakuwa kipofu hata kidogo. Kwao, kwenye miinuko iliyo juu ya Fort Ternan, alikuwa akimwona mwewe akizunguka bondeni kabla ya mtu mwingine kuinua kichwa. Lakini jani bichi na shaba, kwake, vilikuwa na rangi moja ya udongo. Alipokuwa mdogo alitumwa kuchuma kahawa iliyoiva, akarudi na kikapu nusu mbivu nusu mbichi. Baba yake akamwita mvivu na kumcharaza viboko. Kesho yake ikawa vilevile, kikapu na viboko.

Siku ya tatu mama yake, Rodah, alimpeleka nyuma ya ghala la mahindi akamwonyesha matunda mawili ya kahawa na kumwuliza tofauti yake. Mtoto akabonyeza moja, akabonyeza la pili, akajibu kwamba moja lilikuwa laini. Rodah akaelewa papo hapo. Kisha akamwonya asimwambie mtu yeyote, awe rafiki au mwalimu. Kaka yake Rodah, Kipkurui, alikuwa na macho yayo hayo. Alipoomba kazi ya reli alionyeshwa taa mbili, akabahatisha, akakosea, na kicheko cha siku ile kilimfuata mpaka nyumbani. Rodah alikuwa na mabinti wa kuoza, na katika koito, siku ambayo jamaa za pande mbili huketi kuizungumzia posa, watu huulizana kuhusu magonjwa ya ukoo. Rodah hakutaka swali hilo lipate jibu.

Basi Weldon akakua na siri yake. Hakuwa mtu wa kujihurumia, na kusema kweli alijiamini kupita kiasi, kwa sababu alikuwa na pua. Majani yaliyosagwa hutoa kwanza harufu ya nyasi zilizokatwa. Baadaye hutoa harufu tamu, kama tunda lililowekwa kabatini siku mbili, na yakizidishwa harufu hiyo huzama na kuacha uchachu. Weldon angeweza kuinama juu ya trei na kukuambia imebakiza dakika ngapi. Aliyajua haya tangu muhula wa kwanza, naye alitembea humo kiwandani kifua mbele.

Lakini Mwalimu Makori, aliyefundisha somo hilo, alikuwa na kamba. Kila Ijumaa alipanga trei sita mezani, akazungusha kamba mbele yake, na kuwasimamisha wanafunzi hatua tatu nyuma. Hakuna kushika wala kukaribia. Waangalie, waandike kwenye karatasi ni trei gani ziko tayari, ni zipi bado na ni zipi zimepita. Alisema mikono ya wanafunzi na pumzi zao huharibu majani. Kutoka nyuma ya kamba ile, kiwanda kizima kilinuka harufu moja, na pua ya Weldon ikawa haina faida.

Kwa hiyo alifanya alichofanya. Alisimama karibu na rafiki yake, Bogonko, mtoto wa wachuma chai wa shamba moja kubwa upande wa Kiptere. Bogonko alikuwa na roho ya ukarimu na mwandiko mkubwa, na hakuwa mtu wa kuifunika karatasi kwa kiwiko. Weldon alitupa jicho, akaandika. Ikawa hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa. Naam, ulikuwa wizi, na hapa hatutaupaka asali.

Za mwizi ni arubaini. Mwezi wa Machi Mwalimu Makori aliwapanga wanafunzi kwa alfabeti, Bogonko akaenda mwanzo wa mstari na Weldon akabaki mwishoni. Siku hiyo Weldon alipata trei moja kati ya sita.

"Umekuwa mgonjwa?" Mwalimu Makori alimwuliza.

"Hapana, sir."

"Basi sikiliza. Mtihani wa vitendo ni Julai, na anakuja mtahini kutoka nje. Nikiona alama kama hii tena, jina lako sitalipeleka. Siwezi kutuma kiwandani mtu asiyejua chai iliyoiva na ile bado."

Weldon alitoka pale. Aliogopa kurudi Fort Ternan bila cheti kuliko alivyowahi kuogopa viboko vya baba. Akaamua kuomba msaada, na kwa hilo astahili sifa. Tatizo ni namna alivyoomba. Alimwandikia barua mkuu wa chuo, Madam Rebeccah, kwa mwandiko mzuri na heshima tele, akieleza kwamba macho yake yalikuwa dhaifu kidogo siku hizi, na kwamba angeshukuru sana iwapo angeruhusiwa kusimama karibu na dirisha penye mwanga. Kuhusu rangi hakuandika neno. Alijiona mjanja, maana ameomba na siri imebaki mahali pake.

Madam Rebeccah alikuwa mwanamke wa huruma na wa vitendo. Siku ya pili yake Weldon alipewa nafasi ya kwanza kabisa kando ya dirisha, pamoja na barua ya kwenda kupimwa macho katika hospitali ya misheni. Alichoomba alipewa chote, tena kwa haraka. Ijumaa hiyo alisimama penye mwanga mwingi kuliko wenzake wote, akazitazama trei sita zikimulikwa na jua la asubuhi, na zote sita zilikuwa na rangi ya udongo.

Kule hospitali mambo yalikuwa mabaya zaidi. Muuguzi wa macho, Phelis, alimkalisha mbele ya ubao wa herufi. Weldon akazisoma zote hadi mstari wa mwisho kabisa, zile ndogo kama chawa, tena bila kukunja uso.

"Wewe macho yako ni ya tai," Phelis alisema akicheka. "Ni nani alikudanganya unahitaji miwani? Kuna shida ingine yoyote?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Alihitaji kusema maneno matatu tu. Akamkumbuka mama yake nyuma ya ghala.

"Hakuna, Sister," alijibu.

Phelis akaandika kwenye karatasi kwamba kijana ana macho mazima, akapiga mhuri.

Mwalimu Makori alipoisoma karatasi ile alikasirika, na ni nani angemlaumu? Alimwona mbele yake mwanafunzi aliyepata alama moja, akaandika barua ya kusingizia ugonjwa, na sasa hospitali imemkana. Alikwenda kwenye kabati lake, akatoa karatasi za Ijumaa zote zilizopita na kuzilinganisha. Penye jibu sahihi la Bogonko, Weldon alikuwa sahihi. Penye kosa la Bogonko palikuwa na kosa lilelile la Weldon, trei ileile, wiki baada ya wiki.

Aliwaita wote wawili siku ya Alhamisi.

"Mmoja ameandika na mwingine amenakili," alisema. "Ama mlikuwa mmepatana. Mimi sijui, na mkinyamaza sitajua. Jumatatu saa nne tutakuwa ofisini kwa Madam. Kama hakuna maelezo, nyote wawili mtatoka kwa orodha ya Julai."

Bogonko alisubiri mpaka walipokuwa njiani kati ya mashamba ya chai, mbali na masikio ya watu. Mvua ya alasiri ilikuwa imekwisha kunyesha na majani yalikuwa bado yanadondosha matone.

"Weldon, mimi nilikuachia karatasi nikidhani ni siku moja moja hujasoma," alisema. "Kumbe ni kila wiki? Kwani shida yako ni gani?"

"Siwezi kusema."

"Utasema! Mama yangu amebeba kikapu kwa mgongo miaka kumi na nane ndio mimi nikae kwa hii chuo. Nikifukuzwa nitamwambia aje? Kwamba kuna rafiki yangu mmoja hakuweza kufungua mdomo?"

Maneno hayo yalimchoma Weldon kuliko karatasi ya hospitali. Siri aliyodhani ni mzigo wake peke yake ilikuwa imemwangukia mtu asiyejua hata kwamba ipo. Akainama, akachuma jani la chai, na kuliweka juu ya sweta ya Bogonko, ambayo mama yake alikuwa amemfumia kwa uzi mwekundu.

"Hii jani na hii sweta yako," alisema polepole, "kwangu ni rangi moja."

Bogonko akalitazama jani. Akaitazama sweta.

"Wacha mchezo."

"Sichezi. Nimezaliwa hivyo."

"Na ile lori inapanda pale?"

"Sijui."

"Na hizi viatu zangu?"

"Nyeusi. Nyeusi naona, Bogonko, mimi si kipofu."

Bogonko alianza kucheka. Akacheka mpaka akachuchumaa chini kwenye nyasi zenye maji, akijipiga mapaja. Alipoinua kichwa akaona kwamba machozi yalikuwa yanamtiririka mwenzake, kicheko kikakatika.

"Ndugu yangu, pole," alisema. "Na hii kitu umekaa nayo pekee yako miaka yote? Si uliandikia Madam barua?"

"Niliandika macho ni dhaifu. Nikaomba dirisha."

"Macho dhaifu ni ya nyanya yangu! Uliomba dirisha, ukapewa dirisha. Sasa unakasirikia nani? Hujawaambia unataka nini." Alisimama na kujipangusa. "Wewe unataka nini, hasa?"

Lilikuwa swali ambalo Weldon hakuwahi kuulizwa na mtu, na hata yeye hakuwahi kujiuliza. Alishangaa kuona jibu liko tayari.

"Nataka kuvuka kamba," alisema. "Niiname juu ya trei kama dakika moja, ninuse. Nikivuka kamba hakuna mtu atanishinda."

"Basi enda useme hivyo," alisema Bogonko.

Kabla ya kusema chuoni, ilimbidi aseme nyumbani. Jumamosi alikwenda Fort Ternan na kumkuta mama yake akikamua, na dada yake, Winny, akiwa ameushika mkia wa ng'ombe. Koito ya Winny ilikuwa imepangwa kufanyika Agosti. Weldon hakuzunguka. Alieleza yote, hata ule wizi wa karatasi, huku mama akiendelea kukamua bila kugeuza kichwa.

"Ngoja Agosti ipite, weri," Rodah alisema hatimaye, akimwita kwa neno lile la Kikipsigis ambalo mama humwita mwanawe wa kiume. "Watu wakae, wakubaliane. Baadaye utasema unachotaka."

"Jumatatu ndiyo wanasikiza, Mama. Na si mimi peke yangu. Kuna mtoto wa watu atafukuzwa kwa ajili yangu."

"Ukisema chuoni, itafika huku. Mjomba wako alisema? Hakusema. Na bado walicheka."

"Mjomba alificha mpaka wakamkamata," alisema Weldon. "Ndiyo maana walicheka. Mimi nataka kusema kabla ya kukamatwa."

Rodah akaacha kukamua. Alikuwa amemlinda kijana huyu kwa miaka mingi kwa njia pekee aliyoijua, na sasa alikuwa akiambiwa kwamba njia hiyo ilikuwa shimo. Iliuma. Ni Winny aliyejibu.

"Mama, kama watanikataa kwa sababu ya macho ya ndugu yangu, afadhali wanikatae mapema kabla sijapika chai yao," alisema, akaupiga mkia wa ng'ombe pembeni. "Tena ni wanaume wa kuchagua rangi ya nini? Wenyewe huvaa koti moja mpaka liishe."

Rodah alitaka kuwa mkali lakini akashindwa, akacheka. Kisha akamwambia Weldon kwamba ikiwa ameamua kusema, aseme yote, asije akabakisha kipande cha kumwaibisha kesho. Alimfungashia kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, akapeleke chuoni, na kwa Weldon hiyo ilikuwa ndiyo ruhusa kamili.

Jumatatu saa nne walikuwa wanne ofisini: Madam Rebeccah nyuma ya meza, Mwalimu Makori na karatasi zake, Bogonko, na Weldon. Weldon aliomba kusimama. Alisema kwamba aliyenakili ni yeye, na kwamba Bogonko alimwachia karatasi kwa urafiki bila kujua ni kwa nini. Alisema hawezi kutenganisha kijani na rangi ya shaba, hajawahi kuweza, na hakuna dirisha wala miwani itakayombadilisha.

"Mbona hukusema haya kwa barua yako?" Madam Rebeccah aliuliza. "Mimi nilikupa kila kitu uliandika."

"Niliona haya, Madam. Niliandika nusu."

"Hii inaweza kuwa hadithi ingine," alisema Mwalimu Makori. "Hospitali imesema ana macho mazima."

"Hawakunipima rangi, sir, kwa sababu mimi sikuwaambia. Nirudisheni. Na kama wataona nadanganya, mimi mwenyewe nitafunga sanduku."

Mwalimu Makori akamkodolea macho. Hakuwa amezoea kuona mshtakiwa akiomba ushahidi uletwe.

"Tuseme ni kweli," alisema. "Mimi nafundisha watu kuamua chai kwa rangi. Utafanya nini kiwandani? Utamwita jirani akusomee?"

"Hapana, sir. Nitainama. Niruhusiwe kuvuka kamba, mikono nyuma, bila kushika, na kitambaa mdomoni kama ni pumzi mnaogopa. Nipewe kipimajoto, kwa sababu majani yakichachuka hupanda joto. Makopo ya mifano ya chai ya darasani, badala ya vifuniko vyekundu na vya kijani, yaandikwe maneno. Na nipimwe kwa dakika zilezile na alama zilezile za wengine. Sitaki kupunguziwa hata moja. Na kiwandani, sir, zamu ya usiku, chini ya balbu za manjano, wale wazee huwa wanaamini macho? Si wewe ulituambia huinama wakanusa?"

Mwalimu Makori akaziweka karatasi zake mezani. Ni kweli alikuwa amewaambia, tena kwa fahari.

Madam Rebeccah alitazama dirishani kidogo, kisha akatoa uamuzi. Weldon angerudi hospitali. Iwapo muuguzi angethibitisha, ruhusa ya kuvuka kamba ingeandikwa na kupigwa mhuri. Wizi, hata hivyo, ulikuwa wizi: alama zote za Ijumaa zilizonakiliwa zingefutwa, kwa hiyo Weldon angehitaji kupata trei tano kati ya sita mwezi wa Julai, la sivyo aende nyumbani. Bogonko, kwa ukarimu wake uliopotoka, angeosha trei kwa muda wa mwezi mzima. Bogonko alishukuru kana kwamba amepewa zawadi.

Phelis alimtambua Weldon mara tu alipoingia.

"Tai amerudi," alisema.

"Sister, sioni tofauti ya nyekundu na kijani," Weldon alisema hata kabla ya kuketi.

Phelis alivuta droo na kutoa kitabu chembamba kilichojaa madoa ya rangi yenye tarakimu zilizofichwa katikati. Akakifungua ukurasa baada ya ukurasa. Ukurasa wa kwanza Weldon alisoma. Mingine yote aliona madoa matupu.

"Mara ya kwanza nilikuuliza kama kuna shida ingine," alisema muuguzi huku akiandika.

"Uliniuliza."

"Kitabu kilikuwa kwa hii droo. Ungenyoosha mkono ungekigusa."

Weldon alicheka kwa uchungu kidogo. Hata hivyo alitoka pale na karatasi ya kweli mfukoni, na alitembea kama mtu aliyevua kiatu kilichombana kwa miaka kumi.

Tangu hapo hakumwacha Mwalimu Makori apumzike. Ijumaa alivuka kamba, mikono nyuma, kitambaa mdomoni, akainama juu ya trei moja baada ya nyingine. Wanafunzi wengine walimtania kwa wiki mbili wakimwita mbwa wa polisi. Aliwajibu kwamba mbwa wa polisi hula mshahara wa serikali, wakachoka. Mara nyingine alikosea. Akikosea alimfuata mwalimu mpaka mlango wa ofisi kujua ni kwa nini, kwa sababu sasa hakuwa na kitu cha kuficha, na mtu asiye na la kuficha huuliza maswali mengi ajabu.

Julai ikafika na baridi yake. Mtahini kutoka nje alikuwa bwana mmoja mnene mwenye saa kubwa na haraka nyingi. Trei sita zilipangwa, kamba ikafungwa, wanafunzi wakajipanga. Zamu ya Weldon ilipofika aliinua kamba akapita chini yake.

"Wewe! Toka hapo!" mtahini alifoka. "Ni nani amemruhusu huyu avuke? Mwandikie sufuri."

Weldon aliganda. Kwa kufumba na kufumbua aliiona safari ya Fort Ternan, sanduku kichwani. Alifungua mdomo ajieleze, lakini Mwalimu Makori alikwisha kupiga hatua mbele.

"Ana ruhusa," alisema, akitoa mfukoni ile barua yenye mhuri na kuifungua mbele ya uso wa mgeni. "Huyu haoni rangi ya majani. Ametuambia, hospitali imethibitisha, na mkuu wa chuo ametia sahihi. Dakika zake ni zilezile, alama zake ni zilezile. Tafadhali anza saa upya."

Mtahini akasoma. Akasoma tena. Akaguna, akarudisha mkono wa saa.

Weldon aliinama juu ya trei ya kwanza. Nyasi mbichi: bado. Ya pili: tamu, imekaa vizuri, iko tayari. Ya tatu ilikuwa na uchachu chini ya utamu, akaandika kwamba imepita. Ya nne ilikuwa tayari, na hakuhitaji kuinama mara mbili. Kwenye ya tano alisita. Harufu ilikuwa katikati ya mto, haiko ng'ambo hii wala ile. Akaingiza kipimajoto, akahesabu, akaandika "tayari" bila uhakika. Ya sita ilikuwa bado, tena sana. Akatoka chini ya kamba dakika zikiwa zimebaki, akaketi kwenye ngazi za nje, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa amefanya mtihani wake mwenyewe.

Majibu yalibandikwa ukutani jioni ileile. Bogonko alipenya katikati ya vichwa, akarudi akiwa amemshika Weldon shingoni.

"Tano! Umepata tano! Na mimi tano!" alipiga kelele. "Mimi nimekosa ya pili, wewe umekosa ya tano. Weldon, wewe ndugu yangu, leo tumekosea tofauti!"

Weldon alisimama pale mbele ya karatasi, akilitazama jina lake mpaka herufi zikaanza kucheza kwa machozi. Alikuwa amepita. Alipogeuka, Mwalimu Makori alikuwa nyuma yake na mkono umenyooshwa.

"Nilikuona mvivu, halafu nikakuona mwizi na mwongo," alisema mwalimu. "Sikuwa na lingine la kuona, Weldon. Lile la kweli ulikuwa umelikalia."

"Ni kweli, sir," alijibu Weldon, akaupokea mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

Dirisha alipewa, hospitali alipelekwa, na wote walitaka kumsaidia tangu mwanzo. Hakuna kilichomfaa mpaka siku aliposimama na kuitaja shida yake kwa jina lake. Kwa hakika, mficha uchi hazai.